Jirani akikugongea mlango saa nane za usiku, ufanyeje?

MwekaHazina_Mtopanga:

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Mimi ni mweka hazina wa chama cha kina mama huku Mtopanga, Mombasa, Kenya. Tuko kumi na wanne, tunachanga mia mbili kila Jumamosi, na tuna mfuko mdogo wa maziko na uzazi.

Mwezi uliopita, saa nane za usiku, mwenzetu mmoja alinigongea mlango. Amejifunga leso moja tu, mguu mmoja una ndara na wa pili mtupu, mdogo amelala mgongoni, na yule mkubwa wa miaka sita amemshika mkono. Mdomo umepasuka. Hakulia. Aliniambia tu, "Dada, nipe maji."

Nilimpa maji, nikampisha kitandani, kisha nikakaa sebuleni hadi adhana ya alfajiri. Simu ninayo mkononi, ina chaji, ina salio, na sijui nimpigie nani. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Kulipokucha nikamwita mzee wa mtaa, maana ndivyo tulivyozoea. Mzee akamwita mume, wakaketi barazani kwangu, mume akaomba radhi, akaleta doti ya leso mpya. Mwenzetu akarudi kwake. Siku ya kumi tulimkuta wodini, mkono umevunjika.

Chama kimekutana, tukakubaliana jambo hili lisitukute tena hivi. Tumetenga elfu sita. Lakini pesa bila kujua njia zitatufaa nini? Naomba mwenye ujuzi atuambie: usiku ule ningefanya nini, na sisi wanawake kumi na wanne tusio na ofisi tunaweza kubeba mzigo upi?

NesiMstaafu:

Pole mwanangu. Na usijilaumu, mlango uliufungua.

Nimefanya kazi wodi za Pwani miaka mingi, kwa hivyo nitasema la hospitali. Aliyepigwa au kubakwa apelekwe hospitali kwanza. Polisi watafuata, matibabu hayangoji karatasi. Coast General, hospitali kuu ya umma hapo Mombasa, ukishavuka daraja la Nyali, kuna kituo mahsusi cha kuwahudumia waliofanyiwa ukatili wa kijinsia. Ikiwa amebakwa, hesabuni saa: dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi lazima azianze kabla ya saa 72 kupita, tena ni bora ndani ya saa chache za mwanzo, na atazimeza siku 28. Za kuzuia mimba zina hadi saa 120, lakini kila saa inayopita inazipunguzia nguvu.

Asioge. Najua ndilo jambo la kwanza atakalotaka, na nyinyi kwa huruma mtamchemshia maji. Msimchemshie. Nguo alizokuwa nazo zisifuliwe, zitiwe kwenye bahasha ya kaki au zifungwe kwa gazeti. Plastiki inashika unyevu, ushahidi unaoza. Nimeona kesi zikianguka mahakamani kwa sababu ya leso iliyofuliwa na mama mzazi kwa mapenzi yake.

Ikiwa amebakwa, daktari atajaza fomu ya PRC, ya matibabu baada ya kubakwa, nakala moja ni ya mgonjwa mwenyewe, aitunze. P3, fomu ambayo daktari huandika majeraha kwa ajili ya kesi, hutolewa na polisi na haiuzwi. Na nambari ya kupiga usiku ule ilikuwa 1195, haina malipo, mchana na usiku. Ikiwa ni mtoto, 116. Ziandikeni nyuma ya kitabu cha chama.

Mzee_wa_Baraza:

Mimi nasema wazee wasiwekwe kando. Ndoa ina siri zake, na kina mama mkijiingiza mtavunja nyumba za watu.

BintiLikoni:

Mzee wangu, shikamoo. Nakujibu kwa heshima, lakini nakujibu. Mimi nilisuluhishwa mara nne. Kila mara yeye aliketi kitini na mimi mkekani, na kila mara niliulizwa nilimkosea nini. Nyumba ilikuwa imevunjika zamani, kilichokuwa kimebaki ni mimi.

Dada wa Mtopanga, nikwambie kilichonitoa. Alikuwa mama mmoja muuza mahamri na mbaazi, mlango wa tatu kutoka kwangu. Hakuwahi kuniambia niondoke. Siku moja nimeenda kununua mahamri, akanifungia, akasema bila kunitazama, "Kitambulisho chako na vyeti vya watoto vilete kidogo kidogo." Nikawa navipeleka ndani ya bakuli la mbaazi, chini ya kitambaa. Leo kadi ya kliniki, kesho cheti cha kuzaliwa. Yeye akavitia kwenye gunia la unga lililokwisha, na humo akanitilia shilingi mia tano na funguo za chumba cha dadake ng'ambo ya feri.

Tukawekeana alama. Mwanangu akienda kwake kuomba kiberiti, ajue mambo yamechacha, atume vijana wa bodaboda waje wapige honi mlangoni na waulize njia. Mtu mwenye hasira akisikia watu nje hujizuia kidogo. Kile kidogo ndicho nilichotokea.

Kituoni alikuja nami. Afisa aliyekuwa zamu aliniuliza nilimfanyia nini mume wangu hata akanipiga. Kama ningekuwa peke yangu ningeinuka nikaenda zangu. Yule mama akabaki amekaa, ungo mapajani, akasema, "Tunangoja afisa wa kike." Tulikaa kwenye lile benchi kutoka saa tatu hadi saa tisa na nusu. Akaja afisa wa dawati la jinsia, akaandika kila kitu. Baadaye nikajua kumbe hiyo ni haki yangu: Sheria ya Kenya ya Kukinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inakuruhusu kutoa taarifa kwa afisa wa jinsia yako. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyonipa amri ya ulinzi, yaani amri ya mahakama ya kumzuia mume asinidhuru. Ya muda hakimu anaweza kuitoa kabla hata mume hajaitwa, akiona hatari ipo. Na katika sheria hiyo kunyimwa pesa ni ukatili, hata wakwe kuingilia mambo ya nyumba yako ni ukatili. Niliposomewa hilo la wakwe nililia.

Hizo elfu sita basi ziwe nauli, chakula cha siku mbili na salio. Na mmoja wenu awe wa kukaa benchini.

Mswahili_wa_Hackney:

Nawasoma nikiwa London, nimezaliwa Majengo. Msidhani huku ni tofauti. Mwaka 2014, hapa Hackney, mwanamke mweusi aitwaye Valerie Forde aliuawa pamoja na binti yake mchanga, na muuaji ni mwanamume aliyekuwa ameachana naye. Wiki chache kabla, polisi waliarifiwa kwamba ametishia kuichoma nyumba na watu wakiwa ndani. Waliandika kuwa ni tishio kwa mali.

Mwaka 2015 wanawake weusi wa hapa wakaanzisha Sistah Space, wawe na mahali pa kusikilizwa na wanaowaelewa. Wamedai sheria ya kuwalazimisha polisi wafunzwe, hata jambo dogo kama kwamba jeraha kwenye ngozi nyeusi halionekani kama kwenye ngozi nyeupe. Ombi lao lilipita saini laki moja na Bunge likalijadili mwaka 2022. Nao walianza watu wachache tu, kama nyinyi.

Dada, mwenzenu akiwa na majeraha, ayapige picha kwenye mwanga wa mchana, na azitume kwa mtu mwingine azihifadhi.

MwekaHazina_Mtopanga:

Shukran sana, nimesoma yote mara mbili, mara ya pili kwa sauti mbele ya wenzangu. Nambari tumeziandika. Bahasha za kaki tumenunua kumi. Wa kukaa benchini ni mimi, na akinishinda udhuru yupo mwenzangu anayeuza samaki, yeye hatishiki na mtu.

Mzee wa mtaa nilimwendea pia. Nimemwambia barazani kwangu hapatasuluhishwa tena mtu mwenye jeraha. Alinyamaza, kisha akasema ana pikipiki na usiku huwa hailali mbali.

Mwenzetu ametoka wodini, yuko kwa mamake Mshomoroni, plasta bado mkononi. Anasema huenda akarudi kwake na huenda asirudi, na sikumwambia neno. Nilimweleza tu la kiberiti. Akamwita yule mwanawe wa miaka sita, akamuuliza nyumba yangu ni ipi. Mtoto akasema ni ile yenye mlango wa kijani, ile tuliyopewa maji.