Mama anatembea kila asubuhi, lakini kunyanyuka kitini ni shida

Mjukuu71
Habari wakuu. Mama ana miaka 71, ana presha na anatumia dawa. Anatembea nusu saa karibu kila asubuhi. Lakini kunyanyuka kitini lazima ashikwe mkono, na siku hizi anaswali ameketi. Kwa nini kutembea hakumsaidii hapo? Aongeze zoezi gani, nyumbani, bila vifaa?

Nyayo
Kutembea asiache, kunausaidia moyo. Ila kwenye njia tambarare goti linakunjika kidogo tu, kwa hiyo mapaja na makalio hayajifunzi kuuinua mwili kutoka chini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unawataka wenye miaka 65 na zaidi wafanye pia mazoezi ya nguvu na ya mizani ya mwili, siku 3 au zaidi kwa wiki.

Zoezi lake ni hilohilo linalomshinda: kukaa na kusimama. Kiti kiwe cha mbao, kimo cha sentimita 45 hivi, kimeegemezwa ukutani. Vile vya plastiki miguu yake hutanuka kwenye vigae, msivitumie. Asogee hadi nusu ya kiti, nyayo zirudi nyuma kidogo ya magoti. Wengi huziacha mbele, kisha wanashangaa mwili hauinuki. Ainame mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo asukume kwa visigino huku akitoa pumzi. Akibana pumzi presha inapanda ghafla.

Kushuka ndiko kwenye faida kubwa: ahesabu moja mpaka nne, asijibwage. Aanze mara 5, apumzike dakika 2, arudie mara 5. Afanye siku moja, apumzike inayofuata. Ikimshinda, mwekee mkeka uliokunjwa au mto mgumu juu ya kiti, kisha mpunguze kimo kidogokidogo. Akifikisha 12 bila kushika, akumbatie pakiti ya sukari ya kilo 1 kifuani.

BiMkubwa_Fizio
Naunga mkono, na mizani msiisahau. Asimame mbele ya meza nzito, vidole vikiigusa tu. Kwanza miguu pamoja, sekunde 10. Kisha kisigino cha mguu mmoja mbele ya vidole vya mwingine, sekunde 10 kila upande. Akishindwa kufikisha 10 hapo bila kushika, hatari ya kuanguka ni kubwa. Mtu awe karibu yake kila anapofanya. Kanga aifunge juu ya vifundo, na kandambili avue. Kandambili huteleza, na vidole hukazana kuishikilia badala ya kushika sakafu.

Kwa kuwa anatumia dawa za presha, akitoka kitandani akae ukingoni dakika moja kabla ya kusimama.

Mjukuu71
Asanteni sana. Magoti yake yanalia akikunja. Si yatazidi kuharibika?

Nyayo
Mlio bila maumivu usimtishe. Maumivu madogo yanayoisha siku hiyohiyo yanavumilika. Yakilala mpaka kesho yake, au goti likavimba, punguzeni idadi na mrudishe ule mto. Mwangalie pia kwa mbele anaponyanyuka: magoti yakikutana kama yanabusiana, mwambie ayasukume nje, yaelekee kidole cha pili cha mguu. Akipata kizunguzungu au kifua kikimbana, aache papo hapo na aende hospitali.