Binti yangu ana tundu kwenye moyo: nani anajua njia ya kuziba bila kufungua kifua?

MamaWawili_Igoma: Habari za jioni wakuu. Nipo Mwanza. Binti yangu ana mwaka na miezi minne, kakutwa na tundu kwenye moyo. Nasikia siku hizi wanapitisha mrija pajani. Nitafute nauli ya Dar? Silali.

MkulimaSengerema: Pole dada. Wangu alizibwa hivyo hivyo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Yeye ilikuwa PDA, ule mshipa unaotakiwa kujifunga wenyewe siku chache baada ya mtoto kuzaliwa. Wakaingilia kwenye paja, wakaacha kizibo kidogo cha nyaya. Tuliporudi akawa anakimbiza kuku uani.

Mzee wa Mwaloni: Mabinti wa sasa hamli vizuri mkiwa na mimba. Sisi tumekuzwa na supu ya sato.

NesiMstaafu: Mzee wangu, supu haizibi tundu. Mama, eko, kile kipimo cha picha ya moyo, ilionyesha liko wapi? La vyumba vya juu linaweza kuzibwa kwa mrija, likiwa na kingo za kushika kizibo. La chini likikaribia vali, yaani mlango wa damu ndani ya moyo, mara nyingi ni kufungua.

MamaWawili_Igoma: La chini, jirani na vali. Tulipangiwa kufunguliwa Jumanne iliyopita, hatukwenda. Msinihukumu. Baba yake hataki mtoto wa kike awe na kovu kifuani, na mwenyewe naona anacheka tu.

NesiMstaafu: Akinyonya anatoka jasho?

MamaWawili_Igoma: Paji lote, hadi khanga yangu inalowa. Anavuta mara tatu, anaachia, anahema, mbavu zinaingia ndani.

KijanaNyegezi: Samahani, hapa nanusa mchango. Niliwahi kutuma elfu thelathini kwa mtoto ambaye hakuwepo. Weka cheti.

MkulimaSengerema: Hata mimi naanza kujiuliza.

MamaWawili_Igoma: Sijaomba hata mia. Namba sijaweka na sitaweka.

NesiMstaafu: Hata kama si kweli, yupo mama mwingine anasoma. Tundu kubwa linamwaga damu nyingi mapafuni. Presha ya mapafu ikishakomaa, haliwezi kuzibwa tena. Na kovu: wapo madaktari wanaopitia mkato mdogo chini ya kwapa la kulia, mkono unaufunika. Waulize kama kwake inawezekana. Lakini kesho asubuhi nenda ukaombe tarehe nyingine.

MamaWawili_Igoma: Kwapani? Hilo hatukuambiwa. Baba yake ndiyo anaingia kutoka ziwani. Ngoja nimsomee.