Tupeane uzoefu: reli za bustanini msimu huu wa baridi

Taruma, Lang'ata
Wapenzi wa treni ndogo za mfano za bustanini, poleni na baridi. Julai imefika, mawingu hayatoki hadi saa sita, na wengi mmeshafungia injini kabatini mkingoja Septemba. Mimi nasema huu ndio msimu wa kuendesha. Nyasi za Kikuyu, zilizokuwa zikitambaa juu ya mataruma (vile vipande vya kulalia reli) mwezi wa tano, zimepunguza kasi. Jua nalo halisumbui. Reli ya shaba ya manjano yenye mita 10 hurefuka karibu milimita 6 joto lake likipanda nyuzi 30, na Februari viungo vyangu hubanana mpaka njia inapinda. Sasa imetulia.

Adui wa Julai ni unyevu. Umande na manyunyu huacha utando mweusi kwenye reli, umeme haupiti vizuri, injini inasitasita. Kabla ya kuendesha nasugua kwa ile sponji ya kijani ya vyombo. Msasa sitaki kabisa: unachora mistari na uchafu unajificha humo. Nyinyi mnafanyaje?

Mama Swichi, Embakasi
Kwetu shida ni udongo mweusi. Masika huuvimbisha, halafu ukianza kukauka unanywea na kupasuka, reli inabaki inaning'inia. Tulichimba mtaro, tukautoa, tukajaza kokoto na kushindilia vumbi la mawe juu yake. Reli hatukuipigilia popote. Imelala tu, ili joto na udongo vikiisogeza isogee bila kuvunjika.

Msimu huu ndio wa kuinyoosha. Napita na pima maji, palipozama nainua taruma na kusukuma vumbi chini yake kwa bisibisi. Pimeni usawa kwa urefu wa njia na kwa upana wake pia, hasa kwenye kona, maana reli moja ikiwa chini kidogo tu mabehewa ya nyuma yanaanguka. Kazi hii naipenda kuliko hata kuendesha. Mwanangu hunishikia pima maji, na tunakaa nje hadi chai ya saa kumi.

Behewa la Mwisho, South B
Konokono! Asubuhi wamejaa kwenye reli, na ute wao unafanya magurudumu yateleze kwenye mwinuko. Nawaokota kwanza.

Fundi Viungo, Kahawa West
Ndugu Taruma, kabla hujailaumu reli, angalia viungo. Maji huingia ndani ya vile vibati vinavyounganisha reli, kutu ya kijani inajijenga, na umeme unafia hapo. Mimi niliviondoa nikaweka vibano vya skurubu, kisha nikavuta waya wa pili hadi upande wa mbali wa bustani. Treni haipungui mwendo tena ikifika kule.

Binti wa Muthurwa, Buruburu
Sisi tulihamia betri, iko kwenye behewa la nyuma ya injini. Reli ikiwa na maji au uchafu, treni inaenda tu. Kwa ua mdogo wenye kivuli kama wetu, sioni sababu ya kuhangaika na waya.

Kaka yangu yuko Ujerumani, huko huendesha Januari katika theluji, injini ikiwa na jembe la kuisukuma mbele. Anasema betri ya lithiamu haichajiwi chini ya nyuzi 0, na injini ikiingizwa kwenye nyumba yenye moto hutoka jasho, kwa hiyo huiacha ndani ya boksi mpaka joto lilingane.

Mzee wa Mvuke, Limuru
Wanangu, injini yangu inachemsha maji kweli, kwa gesi ya butani. Februari mvuke hauonekani. Julai, ukungu ukiwa bado kwenye majani chai, unatoka mweupe, mzito, unafuata mabehewa yote. Hakuna wakati mwingine wa mwaka ninaoutamani hivyo.

Ila butani huchemka kwenye nyuzi -0.5, kwa hiyo kukiwa na baridi msukumo wake ni mdogo, na tangi lenyewe hupoa zaidi gesi inavyotoka. Nalizungushia maji ya uvuguvugu. Moto kamwe! Ndani ya boila natia maji ya mvua. Ya kisima huacha magadi.

Taruma, Lang'ata
Asante Mzee. Fundi, vibano naanza navyo kwenye kona ya juu. Binti, njia yenu ina upana wa milimita 45 kati ya reli na reli?

Binti wa Muthurwa, Buruburu
Ndiyo, kwa skeli ya 1:22.5, yaani kila kipimo kimegawanywa kwa 22.5, maana hapo inalingana na reli ya zamani yenye upana wa mita moja, ile babu aliyoifanyia kazi. Anayetaka SGR, reli mpya iliyo pana zaidi, atumie 1:32 kwenye njia hiyo hiyo. Shule zikifungwa mwezi wa nane tunaenda makumbusho ya reli kuipima injini ya mvuke 5918 Mount Gelai, tuiunde kwa udogo. Ni ndefu sana, lakini ina seti mbili za magurudumu zinazogeuka kila moja kivyake, kwa hiyo nadhani itapita kona zetu. Vipimo nitaviweka hapa.