Tupeane uzoefu: tuliojitolea kuweka miti na vivuko salama mitaani, mwaka wa pili ilikuwaje?

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Naomba tukusanye hapa visa vyetu sisi tunaojitolea: wapanda miti, wasafishaji wa viwanja vya wazi, wanaovusha watoto asubuhi, wanaodai njia ya baiskeli. Siku ya uzinduzi kila mtu ana picha zake. Mimi nataka kusikia kilichofuata baada ya picha.

Naanza na letu. Tulikuwa tunaomba kivuko cha pundamilia mbele ya lango la shule. Barua ilikuwa tayari, imebaki kupelekwa, ndipo mama mmoja mwalimu mstaafu akatuuliza: mmewahi kukaa mkatazama watoto wanavukia wapi? Hakuna aliyekuwa na jibu. Tukagawana zamu, wawili asubuhi na wawili jioni, siku 5, kila mmoja na ramani ya kuchora kwa mkono. Kila mtoto akivuka, unaweka nukta pale alipovukia. Ijumaa tukaziweka karatasi pamoja, na langoni nukta zilikuwa chache mno. Zilirundikana mbele zaidi, karibu na kona, maana uzio wa kiwanja una pengo pale na njia yao ya mkato inatokea hapo hapo.

Barua mpya ikaenda na ile ramani. Mhandisi alikuja mwenyewe, akasimama penye pengo wakati shule inatoka, na hakutubishia. Kilichojengwa ni kivuko kilichoinuliwa, tuta pana lenye mistari juu yake, kwamba dereva atake asitake lazima apunguze mwendo. Kile kivuko cha langoni ningekiona kila siku na kujipongeza, huku watoto wakiendelea kukimbilia konani.

Karibuni.

Mchangiaji wa 1

Mkuu, umenigusa. Sisi tulipanda miche 80 asubuhi moja. Mwaka wa pili nikazunguka kuhesabu, nikapata 11.

Niliumia sana, kwa sababu watu walitoka kwa moyo. Lakini nilipochimbua iliyokufa niliona makosa yetu waziwazi. Mingi ilifukiwa mno. Pale shina linapotanuka kuingia kwenye mizizi panatakiwa paonekane juu ya udongo, sisi tulipazika kabisa, shina likaoza. Matandazo, yale majani ya kufunika udongo, nayo tuliyarundika yakagusa gome, wakati yanatakiwa yakae kama pete, katikati pawe wazi. Halafu swali la maji: miche 80, nani anamwagilia? Kila mtu alidhani ni mwingine.

Awamu ya pili tulipanda 15 tu, kila mmoja mbele ya nyumba ambayo wenyewe waliuomba. 14 ipo hadi leo. Baadaye nikaja kusoma kwamba Wangari Maathai na akina mama wa Green Belt Movement, iliyoanza 1977, walikuwa wakipewa kifuta jasho kwa mche uliopona, siyo kwa uliopandwa. Laiti ningelijua hilo mapema! Sasa kwenye kikundi chetu anayeripoti idadi ya iliyopandwa anaombwa arudi na ya iliyo hai.

Mchangiaji wa 2

Samahani kwa swali, mimi ndiyo naanza. Kwetu kuna makutano yasiyo na chochote, hata kivuli. Nianze na miti au na kivuko?

Mchangiaji wa 3

Ndugu yangu wa 2, kabla hujachagua soma hili.

Kona yetu ilikuwa jalala. Tulilisafisha, tukaweka vichaka vya maua, vikastawi vikawa virefu kuliko mtoto wa darasa la kwanza. Kila mtu alisifu. Jioni moja kijana wa baiskeli akatokea nyuma ya vile vichaka, na dereva aliyekuwa anakata kona hakumwona mpaka alipomgonga. Alivunjika mtulinga, akapona, namshukuru Mungu. Lakini kona ile tuliipamba sisi kwa mikono yetu. Siku iliyofuata nilikwenda na jembe, nikakuta wenzangu wawili wameshatangulia. Hatukuongea, tuling'oa tu.

Tangu hapo tuna utaratibu. Karibu na makutano au kivuko hakipandwi kitu cha kupita goti. Mti tunausogeza mbali na kona, na matawi yake ya chini tunayapogoa kadiri unavyokua, ili dereva na mtoto waonane chini ya kivuli. Baadaye tukagundua kwamba magari yanayoegeshwa konani yanaziba vilevile kama vichaka. Tukaomba nafasi ya gari moja pale iwekwe vyuma vya kuegeshea baiskeli. Baiskeli zikijaa hata zote, unaona kupitia katikati yake, na gari haliwezi tena kusimama hapo.

Mchangiaji wa 4

Pole sana wa 3, na asante kwa kulisema.

Kwetu ugomvi ulikuwa kuhusu mwendo. Tuliomba mtaa wa ndani ushushwe kutoka kilomita 50 hadi 30 kwa saa. Mkutano wa kwanza tulizomewa. Tuliwapa takwimu za Shirika la Afya Duniani, kwamba barabara ziliua watu takriban milioni 1.19 mwaka 2021, na kwamba ndizo zinazoongoza kwa kuua wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Watu wakasikiliza, wakaenda nyumbani, hakuna kilichobadilika.

Tukabadili njia. Bogotá, Kolombia, wanafungia magari baadhi ya barabara zao Jumapili tangu 1974, watu wanatembea na kuendesha baiskeli. Sisi tuliomba kibali cha mtaa mmoja, asubuhi moja. Katikati ya ile asubuhi tukachora kwa chaki. Mstari wa kwanza: hapa dereva anamwona mtoto. Tukapima mita 13 mbele, tukachora wa pili. Gari la 30, ukimpa dereva sekunde moja ya kushtuka na barabara kavu, linakuwa limesimama hapo. La 50 linapofika kwenye mstari huo huo, mguu ndiyo kwanza unagusa breki. Tukaendelea kupima mpaka linaposimama: kama mita 28. Watoto wakajipanga wenyewe juu ya mstari wa mita 13, hatukuwaambia.

Mzee mmoja aliyetupinga kuliko wote alitembea kutoka mstari hadi mstari mara tatu. Jina lake ndilo la kwanza kwenye orodha ya saini.

Mchangiaji wa 5

Sisi tulichoka kusubiri, tukapaka mistari ya kivuko wenyewe usiku. Ikafutwa ndani ya wiki. Nilikasirika, ila leo naona hoja ya walioifuta: hapakuwa na taa wala kibao, rangi yenyewe ilikuwa inateleza ikilowa, na mtu mzima anaweza kuiamini mistari ambayo dereva hana habari nayo. Ombeni majaribio ya muda kwa kibali. Kwetu yalikubaliwa kirahisi kuliko ujenzi.

Mchangiaji wa 6

Mimi natumia kiti cha magurudumu, na nawaomba mnisikilize kwa nia njema. Vyungu vikubwa vya maua ambavyo vikundi vingi huweka kando ya barabara vinaishia katikati ya njia ya miguu. Anayetembea anakwepa. Mimi nashuka barabarani, kwenye magari, au narudi nyumbani. Mtaani kwetu niliwaomba waache mita 1.5 iliyo wazi, na ukingo ushushwe pande zote mbili za kivuko. Upande mmoja ukiteremka na wa pili haukuteremka, nabaki nimekwama mbele ya gari linalokuja. Walinisikiliza, na siku ya kupanga vyungu nilipita wa kwanza, wao wakisogeza nyuma yangu.

Mleta uzi

Wa 6, nimekwenda kupima vya kwetu jioni hii. Viwili vimeziba. Kesho vinahama.

Mchangiaji wa 2

Nimerudi. Sijapanda wala kuomba chochote bado. Leo nilikaa makutanoni kwa muda wa saa moja na nusu na daftari. Waliovuka ni 64, wa baiskeli 9. Nilidhani tatizo ni kona ya juu, kumbe wengi wanavukia chini, penye kituo cha basi, na wazee watatu walisimama katikati ya barabara wakisubiri upande wa pili upungue magari. Dada mmoja anayeuza pale kila siku ameniambia asubuhi ni mbaya zaidi. Amekubali kuhesabu asubuhi, mimi jioni. Nimemwachia kalamu.