Fidla na kanuni: kwa mwanamuziki, ni uziwi au upofu ulio mzito zaidi?

Mpiga fidla, Tanga

Assalaam alaykum. Nawasalimu nyote, na kwa wakubwa zangu, shikamooni.

Huu ni mwaka wangu wa 26 nikipiga fidla katika kikundi cha taarab. Tangu mwaka jana sikio langu la kushoto lina mlio mwembamba usiokoma usiku wala mchana, na sauti za juu, yaani za nai (filimbi) na za wanawake waitikiaji, zinanifikia kama zinazotoka nyuma ya pazia zito. Daktari wa masikio alinipima akanieleza kwamba usikivu wa sauti za juu umepungua na kwamba uliokwisha kupotea haurudi. Kabla mwezi huo haujaisha, mwenzangu anayepiga kanuni, chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani, ambaye nimeketi naye bega kwa bega tangu ujana wetu, aligunduliwa kuwa na presha ya macho. Jicho lake moja limekwisha kupoteza uoni wa pembeni, na dawa ya matone anayopewa ni ya kulinda uoni uliobaki, si ya kurudisha ule uliokwenda.

Tangu wakati huo tuna mjadala usiokwisha. Yeye anashikilia kwamba mimi ndiye niliyepatwa na kubwa, kwa kuwa muziki mlango wake ni sikio. Mimi namwambia kwamba aliyepoteza macho hawezi kufika ukumbini bila mkono wa mtu, hawaoni wenzake wakimkonyeza kwamba beti inarudiwa, na akikatikiwa na uzi katikati ya wimbo atautafuta kwa kupapasa. Hatubishani kwa kushindana, kwani kila mmoja anamwonea huruma mwenzake. Naomba maoni ya wanaoijua kazi hii, na naomba msitufariji tu: nataka kujua upigaji wenyewe unapungukiwa na nini katika hali moja na katika hali nyingine.

Mwalimu wa kwaya, Mwanza

Ndugu yangu, poleni sana nyote wawili. Nitajibu bila kuzunguka kwa sababu ndivyo ulivyoomba. Kwa mwanamuziki uziwi ni mzito zaidi, na mfano ambao watu hupenda kuutaja ili kupinga jambo hilo ndio unaonithibitishia.

Mfano huo ni Beethoven, mtunzi wa muziki wa Kijerumani. Husemwa kwamba alitunga kazi zake kubwa akiwa kiziwi, na ni kweli, lakini tutazame pia alichokipoteza. Alizaliwa mwaka 1770, na masikio yakaanza kumsumbua alipokuwa anakaribia umri wa miaka 30. Kufikia wakati huo alikuwa amekwisha kujaza kichwani sauti za kila chombo, kiasi kwamba alipotazama noti kwenye karatasi alizisikia ndani yake, kama wewe unavyoweza kusoma barua ya mama yako ukaisikia sauti yake. Akiba hiyo ndiyo iliyomwezesha kuendelea kutunga. Upigaji wake ulikuwa na mwisho mwingine. Alikuwa mpiga piano wa kutajika, na baada ya mwaka 1814 hivi aliacha kupiga mbele ya hadhira. Simfonia yake ya Tisa ilipopigwa kwa mara ya kwanza jijini Vienna, tarehe 7 Mei 1824, alisimama mbele ya okestra akionyesha mwendo wa muziki kwa mikono, ilhali wapigaji walikuwa wameagizwa wamfuate Michael Umlauf, kondakta, yaani kiongozi wa okestra, na wasimwangalie mtunzi. Watu waliposhangilia, mwimbaji Caroline Unger ndiye aliyemgeuza ili ayaone makofi ambayo hakuyasikia.

Kwa hiyo uziwi ulimwachia utunzi ukamnyang'anya upigaji, na wewe, ndugu yangu, unaishi kwa upigaji.

Najipima mimi mwenyewe pia. Kwaya yangu inaimba kwa solfa, yaani noti zinazoandikwa kwa herufi. Nikipofuka kesho sitaweza kuusoma ukurasa, lakini besi, yaani waimbaji wa sauti nzito, wakianza kushuka chini ya sauti inayotakiwa nitawasikia na kuwasimamisha. Nikiwa kiziwi nitausoma ukurasa wote bila kukosea herufi moja, na besi watashuka hadi mwisho wa wimbo nami naendelea kupunga mkono.

Mpiga kodiani asiyeona, Unguja

Alaykum salaam, ndugu wa Tanga. Mimi sikuona tangu nilipougua surua nikiwa na umri wa miaka 7, na kodiani nimeipiga zaidi ya miaka 30. Nakubaliana na mwalimu katika hukumu yake, ila naomba asiipitie njia ya wasioona haraka hivyo.

Nianze na yale ambayo macho hayana kazi kubwa. Upande wa kushoto wa kodiani una vitufe vya besi ambavyo hakuna mpigaji anayeviona, hata mwenye macho mazima, kwa kuwa vimeelekea mbali na uso wake. Kitufe cha do kimechongwa kishimo kidogo ili kidole kikijue, na vingine vyote huhesabiwa kutokea hapo. Kanuni nayo si ngeni kwa vidole. Nyuzi zake zimepangwa tatu tatu kwa kila sauti, na vile vijiti vidogo vya kushoto vinavyoinuliwa na kushushwa ili kubadilisha makamu, yaani mpangilio wa sauti unaofuatwa na wimbo, vinaweza kuzoeleka kwa kugusa, ingawa mwenzako ataumia katika miezi ya mwanzo. Kuitia sauti ni kazi ya sikio tangu zamani. Sisi wa taarab tuna ushahidi wa karibu kuliko Vienna, kwa maana muziki wetu umekunywa sana kutoka Misri, na huko Sayed Mekawy, ambaye hakuwa anaona, alipiga udi, akaimba, na kumtungia muziki mwimbaji mashuhuri Umm Kulthum mwenyewe. Ammar El Sherei, naye asiyeona, alikuwa bingwa wa udi na wa kodiani pia, na jina lake nilipolisikia utotoni lilinipa moyo ambao siwezi kuueleza. Hapa kwetu, wasikilizaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam wa rika langu wanazikumbuka ngoma zilizotangulia taarifa ya habari. Mpigaji wake, Mzee Morris Nyunyusa, alikuwa kipofu, na alikuwa akipiga ngoma nyingi peke yake kwa wakati mmoja.

Sasa nieleze ugumu ulipo. Muziki wa maandishi ya Braille upo, naye Louis Braille alikuwa mpiga ogani kanisani, kwa hiyo hakuwasahau wanamuziki. Lakini maandishi hayo husomwa kwa vidole, na vidole ndivyo vinavyopiga. Nilipojifunza katika shule ya wasioona nilisoma mstari kwa mkono wa kushoto nikaupiga kwa wa kulia, kisha nikabadilisha, kisha nikaunganisha mikono miwili kwa kumbukumbu. Ukurasa ambao mwenzangu mwenye macho aliupiga siku hiyohiyo ulinichukua wiki. Kikundi kikiletewa wimbo mpya jioni ili upigwe harusini kesho yake, mimi huwa nyuma, na si kila kiongozi ana subira.

Kuna na jambo la riziki. Mwenye ukumbi mmoja, ambaye sitamtaja, alinilipa noti chache kuliko tulivyopatana, akinihesabia mkononi kwa sauti kana kwamba zimetimia. Nilikwenda nyumbani nikazihesabu na mke wangu. Jambo hilo halikuugusa muziki wangu hata kidogo, lakini liligusa hamu yangu ya kurudi jukwaani. Mwenzako wa kanuni anahitaji mtu mwaminifu wa kushika mapatano na malipo yake kuliko anavyohitaji darasa jipya la kupiga.

Hata hivyo, ukiniuliza kama ningebadilishana na wewe, ndugu yangu, jibu ni hapana. Fidla haina vituo vya kidole. Robo ya sauti katika makamu ya rasti au bayati inapatikana kwa sikio kumwambia kidole asogee kidogo mno, na kidole hakina mwalimu mwingine. Ungekuwa mpiga kodiani kama mimi, sauti ingekuwa imekwisha kupimwa ndani ya chombo, na uziwi ungechelewa zaidi kabla ya kukuharibia.

Fundi mitambo, Dar es Salaam

Naomba niongeze jambo ambalo naliona kila wiki nikiwa nyuma ya spika. Mnalinganisha upofu kamili na uziwi kamili, ilhali linalowapata wanamuziki wengi ni hali ya katikati, na usikivu unapoharibika haupungui tu kama redio inayopunguzwa sauti. Huweza kupotoka. Mtunzi Gabriel Fauré, aliyeongoza chuo cha muziki cha Paris kuanzia mwaka 1905 hadi 1920, alifikia kusikia sauti za juu na za chini zikiwa nje ya mahali pake, jambo lililomtesa kuliko kimya. Bedřich Smetana, aliyepoteza usikivu mwaka 1874, aliuandika mlio wa masikio yake ndani ya muziki: katika kwateti yake ya kwanza ya nyuzi, yaani muziki wa vyombo vinne, fidla inashika sauti moja ya juu, kali, inayokata wimbo. Nadhani mpiga fidla wetu anaielewa sauti hiyo bila kuelezwa.

Vinyweleo vya sikio la ndani havioti tena kwa binadamu vikishakufa. Kipimo kinachotumika sana katika kulinda wafanyakazi ni desibeli 85 kwa muda wa saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo hupungua kwa nusu, kwa hiyo katika desibeli 100 mtu ana takribani dakika 15. Taarab ya kisasa yenye spika mbele na nyuma huzipita dakika hizo kabla mwimbaji hajamaliza utangulizi. Mpiga fidla ana balaa la ziada, kwani chombo chenyewe kinalia chini ya sikio la kushoto, na ndiyo maana halikunishangaza sikio ulilolitaja. Vipo vizibo vya wanamuziki vinavyopunguza sauti zote kwa kiasi kinachokaribiana, tofauti na pamba au vile vya kiwandani vinavyoua zaidi sauti za juu. Tafuta hivyo. Na ukipewa dawa ya sindano kama jentamaisini au streptomaisini, mwambie daktari mapema kwamba una mlio masikioni, kwa sababu dawa hizo zinaweza kudhuru usikivu.

Mwalimu wa wanafunzi viziwi, Nairobi

Kwa heshima, Mwalimu wa Mwanza, mfano wako ni wa mtu mmoja wa karne ya 19. Evelyn Glennie, Mskoti, alikuwa kiziwi wa kiwango kikubwa kufikia umri wa miaka 12, na bado akawa mpiga vyombo vya kugonga anayesimama peke yake mbele ya okestra. Mwalimu wake alimfundisha kuweka mikono ukutani ili atofautishe kwa mwili sauti za timpani, yaani ngoma kubwa za okestra, na jukwaani hupiga bila viatu ili mtetemo umfikie kwa miguu. Wanafunzi wangu huweka viganja juu ya ngoma na kushika mwendo barabara. Nakiri kwamba mtetemo hauwezi kumwonyesha mpiga fidla ile robo ya sauti. Ninachoomba ni kwamba kiziwi asielezwe kama mtu aliyefungiwa nje ya muziki wote.

Mpiga fidla, Tanga

Nawashukuru kwa dhati, na kwako mzee wa Unguja, shikamoo tena. Niliyasoma majibu yenu kwa sauti mbele ya mwenzangu, kisha Alhamisi, kabla ya mazoezi, tukaamua kujaribu. Yeye alifungwa macho kwa kilemba, mimi nikaziba masikio yote mawili, na kikundi kikapiga wimbo tunaoujua tangu ujana.

Alikosea mara mbili kwenye vile vijiti vya kushoto, mara zote mbili pale makamu yanapobadilika, na mara ya tatu alivipata. Mimi niliendelea kuisikia fidla yangu kupitia mfupa wa taya, kwa hiyo vidole havikupotea sana, na sikio langu la ndani likizidi kufa hata njia hiyo itakwenda. Wengine sikuwasikia kabisa. Niliendelea kupiga kwa raha, na nilipoinua macho niliona mikono ya wote imetulia. Walikuwa wamesimama beti nzima nyuma, wananingoja.

Tumekubaliana kwamba langu ni zito zaidi. Vizibo nimeviagiza, na kiti changu tumekihamishia upande wa pili wa kanuni, mbali na spika. Kuanzia wiki ijayo mwenzangu atafanya mazoezi ya nusu saa kila siku akiwa amefumba macho, wakati bado anayo ya kufumbua, na malipo yake yatapitia mkononi mwangu, ambaye macho yangu ni mazima.