MJADALA: Magego ya watoto wa darasa la kwanza yazibwe kabla hayajaoza, au fedha ziende kwingine?

Mama Wawili, Kibaha

Wanajamvi, salaam kwenu.

Wiki iliyopita nilimpeleka binti yangu kung'oa jino. Ana miaka tisa, na usiku tatu mfululizo alikuwa halali kwa kulia. Moyoni sikuwa na hofu kubwa, nilijua ni jino la utoto, litaota jingine. Tabibu alipomaliza akanionyesha lile jino juu ya pamba: gego pana, mizizi miwili mirefu, na katikati tobo jeusi la kuingia kichwa cha njiti ya kiberiti. Akaniuliza, "Mama, unajua hili ni la ukubwani?" Sikujua. Ndiyo basi tena, halioti lingine.

Nimeumia, na naamini wazazi wengi tuko gizani kama nilivyokuwa mimi. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akifikisha miaka sita hivi, nyuma kabisa ya magego ya utoto. Halisukumi jino lolote. Hakuna jino linalolegea, hakuna la kutupa juu ya paa, hakuna mtoto wa kukimbilia kwa bibi na pengo lake. Linakuja kimya kimya wakati ndiyo kwanza anashonewa sare ya darasa la kwanza. Na juu yake lina mifereji myembamba kuliko unywele mmoja wa mswaki. Hata umsugue asubuhi na jioni, unywele haufiki chini. Pipi iliyoyeyuka inafika. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kinasema matoboo tisa kati ya kumi kwenye meno ya kudumu ya watoto huwa kwenye magego.

Tabibu akaniambia kuna kinga: mifereji ile hujazwa mapema, jino likiwa bado zima. Hakuna kutoboa, hakuna sindano ya ganzi. CDC hao hao wanasema kinga hiyo huzuia asilimia 80 ya matoboo kwa miaka miwili ya kwanza, na inaendelea kuzuia asilimia 50 ya matoboo hadi miaka minne. Nikamuuliza mbona sijawahi kuisikia. Akasema wazazi wanamfikia jino likishauma, na likishauma kinachobaki mara nyingi ni koleo.

Hoja yangu basi: kazi hii iwafuate watoto shuleni, darasa la kwanza na la pili, nchi nzima. Dawa za minyoo na kichocho zinawafuata. Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi inawafuata mabinti tangu 2018. Gego nalo lifuatwe. Anayepinga aje na sababu, nipo.

Mhasibu wa Halmashauri

Pole sana dada kwa binti. Nitapinga, na ninapinga nikiwa na watoto watatu nyumbani.

Kule kusini mwa Wales, watafiti wa Cardiff waliandikisha watoto 1,015 wa miaka sita na saba, wakawafuata kwa miaka mitatu. Kundi moja lilizibwa magego, lingine likapakwa vanishi ya floridi, dawa ya kuimarisha jino lisioze, kila miezi sita. Matokeo yalitoka 2017. Waliopata matoboo: katika waliozibwa ni asilimia 19.6, katika waliopakwa asilimia 17.5. Kitakwimu hakuna tofauti hapo, na vanishi iligharimu kidogo kuliko kuziba. Kupaka ni brashi na dakika chache, kuziba kunataka mtu aliyesomea, vifaa na utulivu wa mtoto.

Halafu tuseme ukweli kuhusu sukari. Nje ya geti la shule ya mwanangu kuna meza nne: pipi, ashkrimu, ubuyu wa rangi, juisi za kufunga kwenye nailoni. Shirika la Afya Duniani tangu 2015 linashauri sukari ya kuongezwa isifike asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula, na ikiwezekana iwe chini ya 5. Mtoto anayekunywa chai ya sukari asubuhi, ashkrimu saa nne na soda jioni, umzibe gego leo, kesho ataoza katikati ya jino na jino, mahali ambapo hicho kizibo hakipo. Fedha zikiwa kidogo, zianzie kwenye chanzo.

Tabibu wa Meno, Dodoma

Mama Wawili, pole. Kabla ya hoja, neno la faraja: kwa umri wa miaka tisa, gego la pili bado liko ndani ya taya. Likitoka kwenye miaka 12 hivi, mara nyingine husogea mbele na kuziba sehemu ya lile pengo. Mrudishe aangaliwe.

Nakubaliana na Mhasibu kwa nusu. Matokeo ya Wales ni ya kweli na nayaheshimu. Ila anaposema kuziba, nahisi wengi wanaona picha ya kiti cha umeme na taa ya buluu. Hiyo ni resini, plastiki laini inayogandishwa kwa taa. Mwaka 1955 Michael Buonocore kule Rochester, Marekani, aligundua kwamba ukipaka asidi ya fosfori juu ya jino, uso wake unakwaruzika kiasi cha plastiki laini kushika. Mpaka leo tunafuata njia hiyo: unasafisha, unakausha, asidi kwa nusu dakika hivi, unaosha, unakausha tena mpaka jino ling'ae weupe kama chaki, unamimina resini, unaigandisha kwa taa. Tone la mate likipita pale kabla ya resini, kazi yote ni bure. Mtoto wa miaka sita mwenye ulimi usiotulia, kwenye darasa lisilo na umeme, resini haifai. Tusijidanganye.

Lakini kuna njia ya pili, na hiyo ilianzia hapa kwetu. Katikati ya miaka ya 1980 Mholanzi Jo Frencken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kutibu meno vijijini kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine wala umeme. Baadaye saruji ya glasi ionoma ikawa ndiyo nguzo ya njia hiyo, na 1994 Shirika la Afya Duniani likainadi dunia nzima. Unachanganya unga na majimaji, unaweka juu ya gego, unapaka vaselini kwenye kidole chenye glovu, unakandamiza. Saruji inaingia kwenye mifereji, inaganda yenyewe. Inavumilia unyevu, na inatoa floridi kidogo kidogo. Ukitazama baada ya mwaka utaona kama imedondoka, lakini chini kabisa ya mfereji mara nyingi mabaki yake yapo na yanafanya kazi.

Nilikuwa shule moja ya msingi mwaka huu. Madawati mawili yameunganishwa, mtoto amelala kichwa kikielekea dirishani kwenye mwanga, mwenzake anashika tochi. Kazi inakwenda hivyo na inawezekana.

Mwalimu wa Darasa la Pili

Shikamoo daktari, kama ni mkubwa kwangu.

Mimi niko nao kila siku. Mtoto mwenye jino bovu namjua bila kuambiwa: anaegemeza shavu kwenye kiganja, anatafuna andazi upande mmoja, na kipindi cha hesabu anatazama tu dirisha. Ninao wawili sasa hivi. Kwa hiyo mkija na chochote cha kuwasaidia nitawafungulia mlango.

Ninachoogopa ni hiki. Huku kwetu bado wapo wanaoamini "meno ya plastiki". Mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, wanasema ana meno ya nailoni, anapelekwa kwa mtu akachokonolewe ufizi. Watoto wameumizwa kwa jambo hilo. Sasa siku nitakapowaambia wazazi kuna wataalamu wanakuja kuweka kitu kwenye meno ya watoto, hawa hawa wazazi watasikia nini? Mkutano wa wazazi uwe kwanza, jino lenyewe lionyeshwe, na ridhaa iandikwe. Pia nani atarudi kuangalia? Na mkiziba juu ya jino ambalo uozo umeshaanza, hamjafungia mdudu ndani?

Tabibu wa Meno, Dodoma

Marahaba mwalimu. Swali lako la mdudu ndilo naulizwa kuliko yote. Uozo wa mwanzo, ambao bado haujatoboa, ukiufunika vizuri unakatiwa chakula na unasimama. Miongozo ya madaktari wa meno wa Marekani ya 2016 inashauri kuziba magego mazima na yale yenye uozo wa mwanzo pia. Tobo lililo wazi ndilo linataka matibabu ya kawaida. Hilo la kurudi kukagua una haki kabisa. Kizibo kisichokaguliwa kikivunjika kinaacha ukingo ambao uchafu unajikusanya.

Baba Naseria, Arusha

Kila mara mkisema floridi naona mmesahau kuna sisi. Huku kwetu floridi imezidi kwenye maji. Watoto wetu wana meno ya kahawia tangu yanapoota, na kituo cha Ngurdoto kipo kwa ajili ya kutafuta njia za kuipunguza hiyo floridi. Kabla ya kusema "vanishi nchi nzima", nani amefikiria Meru, nani amefikiria vijiji vinavyotumia magadi jikoni?

Na hiyo resini, nimeambiwa jino lililoharibiwa na floridi halishikani nayo vizuri kama jino la kawaida. Mpango mmoja kwa nchi nzima hautufai.

Mhasibu wa Halmashauri

Baba Naseria, hapo umenirekebisha. Niliandika kama vile nchi yote inakunywa maji ya kisima kimoja.

Mama Saidi, Tanga

Mimi nauliza kuhusu hiyo plastiki. Nimesoma kwamba resini zinatoa kemikali inayochezea homoni. Mtoto wangu wa miaka saba akae nayo mdomoni miaka minne?

Tabibu wa Meno, Dodoma

Mama Saidi, umeuliza jambo la maana. Baadhi ya resini zinaweza kutoa chembe ndogo za kemikali iitwayo bisfenoli A. Zinazoonekana kwenye mate hutoka zaidi saa chache za mwanzo, na hupungua sana daktari akifuta uso wa resini na mtoto akisukutua na kutema. Kama bado roho haitulii, omba glasi ionoma. Yenyewe ikiwa ile ya kawaida, isiyochanganywa na resini, haina kemikali hiyo.

Baba Naseria, uko sahihi kuhusu resini na meno yenye floridi nyingi. Ila floridi ya kwenye maji mtoto anaimeza kila siku tangu meno yanajengwa ndani ya taya, na hapo ndipo madhara yanapoingia. Vanishi inagusa jino lililokwisha kuota, kwa kiasi kidogo, mara mbili kwa mwaka. Hata hivyo, wilaya yenye maji hayo ipimwe na ipangiwe ya kwake.

Mama Wawili, Kibaha

Nimesoma wote, na nimebadilika kidogo.

Mhasibu, vanishi yako inataka watu warudi shuleni kila miezi sita kwa miaka mitatu. Hizo ni safari sita kwa shule moja. Nataka uniambie ni halmashauri gani itafika mara sita.

Mhasibu wa Halmashauri

Dada, wale waliozibwa nao walikuwa wakikaguliwa kila miezi sita, na waliohitaji walizibwa upya. Safari ni zile zile. Na siku watu wasiporudi, mwalimu ameshauliza swali lake.

Lakini sitaki kushinda tu. New York wamejaribu dawa nyingine shuleni, silva daiamini floridi, ya kupaka kwa brashi, wakailinganisha na kuziba kwa maelfu ya watoto. Matokeo ya miaka miwili yalitoka 2023 na ya miaka minne 2024, na dawa hiyo ikalingana na kuziba. Kilichonigusa zaidi ni kwamba hata ikipakwa na wauguzi ilifanya kazi sawa. Wauguzi tunao kwenye zahanati zilizo karibu na shule. Dawa hiyo na glasi ionoma zote ziliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani 2021. Hapo ningeweza kukaa mezani na kupanga bajeti.

Tabibu wa Meno, Dodoma

Wazazi waambiwe mapema kwamba dawa hiyo huacha weusi wa kudumu pale ilipogusa uozo. Kwenye gego la nyuma wengi hukubali. Wasipoambiwa, mwalimu ndiye atakayebeba lawama.

Kwangu mimi gego zima linaloota lipate saruji, lililoanza kuoza lipate dawa ya kupaka, na aliyekwishatoboka apewe rufaa yenye tarehe, siyo ya maneno.

Mwalimu wa Darasa la Pili

Na meza zile nne za nje ya geti? Hizo naweza kuanza nazo mimi na kamati ya shule bila kusubiri bajeti ya mtu.

Mama Wawili, Kibaha

Mwalimu, anza, na mimi naenda kusema kwenye kamati ya kwetu.

Daktari, swali la mwisho. Mdogo wake binti ametimiza sita mwezi uliopita. Leo baada ya chakula nimemlaza mapajani, nikammulika kwa tochi ya simu, nikahesabu. Chini kushoto nyuma ya magego ya utoto lipo jingine, jeupe, pana, na mifereji naiona kwa macho yangu. Kulia limetoka nusu, nusu nyingine imefunikwa na ufizi. Hakuna aliyekuwa anajua kama yapo. Hilo la kulia nisubiri litoke lote?

Tabibu wa Meno, Dodoma

Usisubiri. Chini ya ule ufizi chakula hujificha, na hapo jino haliwezi kukaushwa vya kutosha kwa resini. Mwambie utakayemkuta unataka glasi ionoma kwa yote mawili, na hilo la kulia lirudiwe likishatoka lote. Ukimpigisha mswaki, uulaze mswaki kwa ubavu, uingie kutokea upande wa shavu. Hilo gego bado liko chini kuliko wenzake, ukisugua kama kawaida unalipita juu.

Mama Wawili, Kibaha

Asante daktari. Jumatatu asubuhi niko naye kliniki.