Treni za kuinama kwenye kona: zitatufikisha Kisumu haraka bila kujenga reli mpya?

Pwani_Bara: Kila SGR ya kutoka Naivasha kwenda Kisumu na Malaba ikitajwa, mazungumzo yanaishia kwenye deni. Nauliza: lazima tujenge? Reli ya mita ilifika Kisumu 1901 na bado ipo. Kinachomchelewesha abiria ni kona. Wenye reli nyembamba kama yetu walishalitatua hilo kwa treni zinazoinama, behewa linalala ndani ya kona kama mtu wa bodaboda. Japani, ambako upana wa reli ni milimita 1,067 na wetu ni 1,000, walianza 1973. Queensland kule Australia, upana uleule wa Japani, walizindua yao ya umeme 1998. Inakwenda kilomita 160 kwa saa, na 1999 ilifika 210 kwenye jaribio. Tununue seti chache, tuache kutoboa milima. Anayepinga alete hesabu.

Nahesabu: Hesabu hii hapa, ndugu. Kwanza tuelewane: kuinama kunamsaidia abiria, reli hakuisaidii kitu. Behewa likilala, chai haimwagiki na mtu hasukumwi dirishani, lakini magurudumu bado yanaisukuma reli ya nje vilevile.

Kwenye kona, reli ya nje huwekwa juu kuliko ya ndani. Kwa reli ya mita, mwinuko wa kusawazisha kila kitu (kwa milimita) ni takriban 8.35 mara mwendo (kilomita kwa saa) kipeo cha pili, gawa kwa nusukipenyo cha kona kwa mita. Ukiweka pungufu ya hapo, kilichobaki ndicho "upungufu", na ndicho kinachomsukuma abiria.

Chukua kona ya nusukipenyo mita 200 yenye mwinuko wa milimita 75. Treni ya kawaida tuipe upungufu wa 60: inapita kwa kilomita 57 kwa saa. Ya kuinama tuipe 110: inapita kwa 66 na nusu. Katika kilomita 20 za kona kama hizo umeokoa dakika tatu. Na kwa dakika hizo, msukumo usiosawazishwa dhidi ya reli ya nje umekaribia kuwa maradufu.

Pwani_Bara: Hiyo ni asilimia 14 ya muda. Asilimia 14 ya safari inayomaliza usiku kucha ni zaidi ya saa nzima, wewe unaiita dakika tatu! Na kama mwinuko ndio shida, si tuinue reli ya nje zaidi?

Taruma_la_Chuma: Kuinua zaidi huwezi, kwa sababu njia hiyo ina mizigo. Treni ya mzigo ikipanda kwa kilomita 30 kwa saa kwenye kona ya Nahesabu inahitaji mwinuko wa milimita 38 tu. Wewe umeshaipa 75. Uzito unalalia reli ya ndani, kichwa cha reli kinabapa, mataruma (vipande vya chini vinavyoshika reli) yanakatika upande huo. Ukiweka 120 ndiyo unamaliza reli kabisa. Kwa kweli hiyo ndiyo sababu treni za kuinama zilibuniwa: zipite haraka mahali ambapo mwinuko umepangwa kwa ajili ya mwenye haraka na asiye na haraka.

Asilimia 14 ungeipata kama kila kilomita ingekuwa kona. Kutoka Bonde la Ufa kupanda Mau, injini inakwama kwa mlima kabla haijakwama kwa kona. Njia ni moja, kwa hiyo mnasubiriana stesheni. Halafu kuna sehemu za mwendo wa pole kwa sababu kokoto zimejaa udongo, maji hayatoki, na taruma linacheza kila ekseli ikipita. Behewa liiname lisiiname, hapo utapita polepole.

Na Queensland hawakununua mabehewa tu. Miaka ya 1990 walinyoosha kona nyingi na kubadilisha madaraja kwanza.

Fundi_Bogi: Wote mmeruka mtambo wenyewe, na huko ndiko pesa huishia.

Zile za Japani za 1973 ziliinama zenyewe: behewa limekaa juu ya rola, kitovu cha mzunguko kiko juu ya uzito, kona ikija, upande wa chini wa behewa unatupwa nje. Rahisi. Ila rola zina msuguano, kwa hiyo behewa linachelewa, kisha linaanguka ghafla upande mmoja. Abiria walitapika. Mwaka 1989 kule Shikoku, kisiwa cha Japani, wakaongeza silinda za hewa na kompyuta yenye ramani ya kona zote, ili behewa lianze kulala kabla ya kona. Italia wao walitumia jeki za haidroliki zinazolaza behewa hadi digrii 8 hivi. Waingereza waliingiza yao kwenye huduma Desemba 1981 wakaitoa baada ya siku chache: mitambo iliganda kwa baridi, abiria wakapata kichefuchefu. Funzo lililobaki ni kwamba usimfutie abiria msukumo wote. Ukifuta wote, jicho linaona dunia imepinda na sikio linasema uko sawa, tumbo linakataa. Siku hizi hufutwa sehemu tu.

Njia ya bei nafuu ni kuinamisha kwa springi za hewa, digrii moja au mbili. Shikoku walijaribu hiyo pia, 2017. Kwenye njia ya milimani yenye kona mfululizo, hewa haikutosha, kompresa ilizidiwa, wakarudi kwenye pendulamu, yaani behewa linalobembea lenyewe kwa kusaidiwa na silinda, kwa treni zilizofuata. Milima yetu nayo ina kona mfululizo.

Kingine: kulala digrii 5 kwa kasi ya digrii 4 kwa sekunde kunachukua sekunde 1.25. Kwa mwendo wa 66, hiyo ni mita 23. Kwa hiyo kati ya sehemu iliyonyooka na kona lazima kuwe na mpito, yaani kipande ambacho reli inaanza kupinda taratibu, wa angalau urefu huo. Kona ya kushoto ikiungana na ya kulia bila mpito, behewa bado linalala kushoto wakati linatakiwa kulia.

Pwani_Bara: Sawa, mpito ni suala la kazi ya reli, si la kukata tamaa.

Taruma_la_Chuma: Ongeza breki basi. Kwa upunguzaji wa mita 0.8 kwa sekunde kila sekunde, treni ya kilomita 80 kwa saa inasimama baada ya mita 310 hivi; ya 120 inahitaji karibu 700. Pale Kibera watu wanauza vitu pembeni mwa reli. Mita 700 utazipata wapi? Uzio, vivuko vya juu na ishara mpya vinagharimu hata ukinunua treni ya kawaida.

Tena ukiwa na mwendo wa aina mbili kwenye kona moja, lazima mtambo umlinde dereva. Novemba 2004, treni ya dizeli ya kuinama ya Queensland iliingia kona yenye ukomo wa kilomita 60 kwa saa ikiwa na 112, karibu na Berajondo, ikaacha reli. Uingereza treni haziruhusiwi kuinama ila zikisoma vifaa vilivyofungwa relini. Zilizobuniwa kwa 225 zinaishia 200 hadi leo, kwa sababu ishara za kuwezesha 225 hazikuwekwa.

Nahesabu: Basi swali si treni gani. Ukitaka kutoka 57 hadi 114, unahitaji nusukipenyo mara nne. Hakuna behewa la kukupa hilo.

Pwani_Bara: Lakini Nairobi hadi Nakuru peke yake? Kona zote si za mita 200.

Fundi_Bogi: Hilo linapimika, halihitaji ubishi. Kwa ruhusa ya wenye njia, na treni zikiwa zimesimamishwa: uzi wa mita 20, ncha zote mbili kwenye uso wa ndani wa reli ya nje, pima pengo katikati. Milimita 250 ni kona ya mita 200. Milimita 100 ni mita 500. Sogea mita 10, pima tena, andika. Namba zikipanda taratibu kutoka sifuri, mpito upo. Zikiruka kutoka sifuri hadi 250 kwa hatua mbili au tatu tu, mpito haupo, na hapo treni ya kuinama itapita kwa mwendo wa treni ya kawaida.